Kusafisha Dohani Kabla ya Baridi

...na tuko wanne tu, mama mkwe wangu Haido nje kwenye ngazi, jirani yetu Thymios juu ya paa, Zoitsa wangu wa miezi minane ndani ya kapu la zabibu, na mimi hapa mekoni nimeshika ncha ya kamba, kichaka cha mreteni chenye miiba ya kukwangua masizi kimefungwa katikati yake, Thymios akivuta kinapanda, nikivuta mimi kinashuka, masizi yananimwagikia mikononi, na bado najiuliza, kwa nini godoro la mama Haido liko chumba cha kaskazini, nimeliona asubuhi, limekunjwa vizuri na blanketi moja jembamba juu yake, majani ya mjozi ya kufukuza nondo hata hayajakung'utwa, ilhali keshokutwa ni Mtakatifu Dimitrios, siku ya kutandika mazulia, na yote matatu mazito ameyaweka upande wetu wa meko... "Vuta!" anasema Thymios, navuta... kila baridi yeye hulala hapa, kushoto kwa moto, tangu alipoolewa, sasa anahama, ananihama mimi, ni lile zulia lake la harusi, najua, nililipeleka mtoni kwenye pipa la mbao ambamo maji yanaanguka na kulizungusha, nikaambiwa lilale usiku mmoja, Zoitsa akashikwa na homa nikasahau, likakaa siku mbili, likatoka manyoya yote yamegandana kama kofia ya mchungaji, na mama akalipapasa tu, akasema, "Basi litakuwa zito, zito ndilo lenye joto," hakuongeza neno, mtu asiyeongeza neno amekasirika au amesamehe, nitajuaje... "Thymios, shika vizuri, ukianguka mkeo atanidai mume mwingine nami sina," sauti ya mama inashuka dohanini kama vile yuko hapa mbele yangu, na Thymios anacheka, "Atakuletea pai ya shukrani, mama Haido!" Zoitsa anainua kichwa kutafuta sauti imetoka wapi, hata mimi natafuta, sikujua dohani inaleta maneno hivi... "Ukimaliza nizibie dirisha la chumba cha kaskazini." "Nani analala huko, mbuzi?" "Mimi." "We mama una wazimu? Januari maji yanaganda ndani ya mtungi kule!" "Sema polepole, yuko chini," na kamba imesimama, nami nimesimama nayo, kumbe ni kweli, hataki kukaa nasi... "Nakohoa usiku kucha, Thymios, nikikohoa mtoto anaamka, mtoto akiamka yule binti anaamka, na badala ya kulala tena ananichemshia chai ya mlimani mimi, mimi mzee, macho yamemwingia ndani, mumewe yuko ujenzini Thesaloniki, nani wa kumpokea mtoto? Mwache alale," na nasikia Thymios akisogeza kigae... kwa hiyo zulia silo, wala hakulifikiria zulia, alikuwa akinihesabia usingizi wangu, nami nilidhani anapokunywa ile chai amefumba macho hanioni... lakini kaskazini, na kifua kile, hatafika Pasaka, nimwambie nini, nikisema nimesikia ataona haya, nikisema njoo atasema sitaki kuwa mzigo, nitafute neno jingine, nimwambie naogopa peke yangu, hataamini, nimwambie mtoto halali bila kikohozi chake... hebu ngoja, mbona ni kweli, wiki ile alipokwenda kwa dada yake nyumba ilikuwa kimya na Zoitsa alikesha, macho kule kushoto kwa moto, nikadhani ni meno, hayakuwa meno, hakuna jino lililotoka, alikuwa akimsikiliza asiyekuwepo, mtoto huyu amezaliwa ndani ya kikohozi kile, ndicho bembelezo lake, na mimi je, usiku ule nililala?... sikulala... "Binti, umelala huko? Vuta!" anaita Thymios, na mama anamkemea, "Mwache, usimpigie kelele," navuta, masizi yanashuka, kichaka kinashuka, na godoro lile nitalirudisha mwenyewe hapa kushoto kwa moto nikishanawa, zulia zito litakuwa chini yake.

Theluji ilifika Desemba, siku ya Mtakatifu Nikolao. Chumba cha kaskazini tuliweka viazi.