Mtu Chini ya Ngazi

"Nenda ukafie kwenu!"

"Sijafa, mama. Si unaniona nimesimama?"

"Sasa hivi umesimama. Muda mfupi tu uliopita ulikuwa umelala kichwa chini, miguu juu ya ngazi, mdomo wazi kama samaki. Mtu mzima na akili zake analala hivyo?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazi gani? Kazi ya umaiti?"

Kwa mwandishi, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mayai aliyotoka nayo mwenye nyumba sokoni yalikuwa yamepasuka mlangoni, na ute ulitambaa polepole kuelekea kwenye cherehani.

Watu huvuka mpaka kutafuta riziki, dawa au mchumba. Mwandishi alivuka kutafuta ngazi. Ndani ya riwaya yake kuna mtu anaanguka kwenye nyumba ya kupanga, ugenini, na mkewe anaingia kutoka sokoni na kumkuta. Mhariri alimrudishia sura ile bila kupepesa macho: "Mjane wako analia kama mtu aliyekodiwa." Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba. Shule aliiacha mapema, na tangu hapo hakuwa mtu wa kuamini kitu mpaka akiguse. Alipoandika habari za kiu, alishinda juani bila maji. Alipoandika habari za mzee, alitembea na kokoto kiatuni mpaka kisigino kikavimba. Sasa akaandika kifo, akafunga begi, akaondoka peke yake kwenda kutafuta pa kufia.

Akaipata nyumba hii, nyembamba, imebanwa kati ya duka la rangi na kinyozi kama mtu aliyekaa katikati ya wanene wawili. Chini, mwenye nyumba, fundi cherehani, alishona sare za shule. Juu kulikuwa na vyumba viwili, kimoja chake yeye mpangaji, kingine cha mume wa fundi. Mume alikuwa akipaka rangi majumba, hadi siku alipodondoka kutoka kwenye jukwaa la mbao na miguu ikagoma. Kila asubuhi aliapa kwa sauti, "Leo nashuka mwenyewe!" Na kila asubuhi mkewe alimjibu kutoka chini, "Thubutu!"

Asubuhi hiyo, fundi alipokwenda sokoni, mwandishi alijilaza pale chini kwenye giza la ukumbini ili ajue aliyeanguka anaona nini. Aliona utando wa buibui na peremende iliyotafunwa ikabandikwa chini ya ubao. Mara mlango ukafunguliwa. Hapo ndipo alipopaswa kuinuka. Lakini udadisi ni kama upele, ukianza kuukuna huachi. *Ngoja nione atafanyaje*, akajisemea, akafumba macho nusu.

Alisikia kikapu kikianguka. Alisikia nyayo zikija mbio, kisha hazikuja tena, kisha zikaja polepole. Mkono wenye baridi ukamshika kidevu, ukaugeuzia uso wake mwangani.

"Kumbe wewe," fundi alinong'ona. "Afadhali."

Akashusha pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Mwandishi akafumbua jicho. Hapo ndipo fundi alipopiga yowe.

"Chukua begi lako," alisema sasa, akipangusa mikono isiyokuwa na kitu. Kisha akapunguza sauti. "Pale chini, ulisikia nini?"

"Mayai tu, mama."

Fundi akaenda kuchukua kitambaa cha kudekia. Hakuamini, wala hakuuliza tena.

Mwandishi alipanda kufuata begi, roho juu juu. Afadhali! Neno moja, na sura nzima ilikuwa ndani yake. Angeiandika ndani ya treni, kabla haijapoa.

"We mpangaji! Pita humu."

Mume wa fundi alikuwa ameegemea mito, shingo ameinyoosha kama jogoo. Akataka kujua yowe lilikuwa la nini. Alipoambiwa, alicheka mpaka kitanda kikalia.

"Umejifanya maiti kwa mke wangu? Una bahati hakukushonea sanda!"

Halafu kicheko kikamkatika.

"Alidhani ni mimi?"

"Nadhani hivyo, mzee."

"Na alipojua si mimi, alifanyaje?"

Mwandishi akaangalia mlango.

"Usinionee huruma," mume akasema. "Ananigeuza, ananiosha, ananilisha, na hajaguna hata siku moja. Mtu asiyeguna utamjuaje? Huenda nikienda atapumua, na sitamlaumu. Ila nataka kujua kabla. Nikimuuliza yeye atanitania. Wewe ni mpita njia, huna wa kumwonea haya. Sema."

Mwandishi hakuwahi kuulizwa swali zito namna hiyo, na jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini jibu lilikuwa mali ya mtu mwingine. Ubao wa korido ukalia. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kudekia mkononi.

"Mwambie," akasema. "Ulisikia. Mwambie, mimi mdomo huo sina."

"Alisema..." Mwandishi akakohoa. "Alisema, 'Kumbe wewe. Afadhali.'"

Chini barabarani mtu alikuwa akivuta mkokoteni wenye gurudumu bovu.

"Nilifurahi, mwanangu," fundi akamwambia mwandishi bila kumtazama. "Nilidhani umekufa, mtoto wa watu, nami nikafurahi. Nitaliweka wapi jambo hilo?"

"Ningekuwa wewe, ningefurahi pia," mwandishi akajibu, kavu kama kawaida yake. Lakini baada ya kusema akaanza kuwapitisha watu wake akilini, mmoja mmoja, akitafuta nani angekimbia hivyo halafu asimame katikati ya ukumbi, akiogopa kufika. Dada yake, labda. Hakuwa amempigia simu tangu avuke mpaka.

"Afadhali yeye?" mume aliuliza. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Huyo huyo. Na usinitazame hivyo, ukumbi wote umejaa mayai."

Mkono wa mume ukatoka ndani ya blanketi, ukapapasa hewani. Kidevu chake kilianza kutikisika. Mwandishi alijua kilio kinakuja. Alikuwa amesafiri mbali kukiona, na macho yake yalikuwa na njaa. Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono.

Mwandishi akageuka kabla uso ule haujafika ulikokuwa unakwenda, akashuka ngazi.