Wimbo wa Kumi na Mbili

Saa nne asubuhi, ofisini kwa gazeti, mhakiki wa muziki aliweka kikombe cha chai juu ya kamusi, akavaa miwani, akawasha albamu aliyotakiwa kuiandikia maneno mia tatu kabla ya chakula cha mchana. Zilikuwa nyimbo za filamu kuhusu mgodi ulioporomoka miaka miwili nyuma, na jinsi wachimbaji wote kumi na mmoja walivyookolewa hai. Alizitunga mzee mmoja wa gitaa aliyeitwa Mchokozi, kwa kuwa hakuna aliyesalimika na ulimi wake, hata mkwewe.

Kila mchimbaji alipewa wimbo wake. Wa kwanza anabishana na lifti ni nani kati yao anayeumwa zaidi kiuno. Wa tatu anaisifu kofia ya meneja, safi kama sahani ya mgeni, maana haijawahi kushuka chini. Mhakiki alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee huyu hachekeshi, anafinya," aliandika. Gitaa lilitembea polepole, na kila mzaha ulichelewa kidogo, ukakukuta umeshaacha mlango wazi.

Kufikia wimbo wa tano vumbi jeusi lilikuwa likidondoka kutoka darini. Kwenye wa nane kuta zilisogea ndani hatua moja. Msahihishaji alivuta kiti chake akaendelea na kurasa zake.

"Punguza sauti, dada," alisema mhariri. "Vumbi linaingia kwenye chai."

Alipunguza sauti. Vumbi halikupungua.

Wimbo wa kumi na mbili haukuwa na maneno. Gitaa lilicheza, na chini yake mtu aligonga jiwe: mara mbili upesi, kisha mara moja kwa kuchelewa. Mhakiki aliujua mkono ule. Kaka yake aligonga mlango hivyo maisha yake yote. Siku ile ya mgodi alishuka kwa kadi ya kazi ya rafiki yake mwenye homa, kama wachimbaji walivyozoea kusaidiana. Rafiki alikutwa kitandani akiwa hai, kadi yake ikahesabiwa kati ya zilizookolewa, kaka akaandikwa mtoro. Mama yao aliigeuza picha yake ikatazama ukuta.

Mhakiki alipiga magoti, akagonga sakafu.

"Mdogo wangu," sauti ya kaka ilijibu kutoka chini ya saruji, "yule rafiki yangu amepona homa?"

"Amepona."

"Afadhali. Huku hewa imekuwa ndogo."

Alipiga simu ofisi ya mgodi. "Hata sisi tunamsikia, dada," alisema karani. "Ila hana kadi."

Akampigia yule rafiki. Alisema alikwenda kueleza ofisini kwa mgodi, akaambiwa kama si yeye aliyeokolewa, basi ndiye aliyekufa, achague. Akachagua.

Mwisho akampigia Mchokozi. Kwa mara ya kwanza mzee hakutania. "Mimi niliimba kumi na moja," alisema. "Huyo nilimkuta ndani ya kanda. Nikaona si adabu kumtoa, nikampigia gitaa tu."

Yote hayo mhakiki aliyaandika mwishoni mwa uhakiki wake. Mhariri alisoma akiwa amesimama, akafuta aya ya mwisho kwa kalamu nyekundu. Mgodi ulikuwa ukitangaza kwenye ukurasa wa nyuma kila wiki.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alisema, bila ubaya wowote. Albamu ikatajwa gazetini kuwa bora ya mwaka, na kusema kweli ilistahili.

Jioni wenzake walikung'uta vumbi mabegani, wakaaga. Wimbo ulikuwa umekwisha zamani. Kugonga kulikuwa kumebaki mara moja moja.

"Wameanza kuchimba?" aliuliza kaka.

Mhakiki alipiga magoti tena.

"Wameanza, kaka. Tunza pumzi."

Akachukua rula ya chuma mezani, akalala kifudifudi, akaanza kuparuza sakafu, taratibu, bila kupumzika.

"Kweli," alisema kaka. "Sasa nawasikia."