Redio Haizimwi

Siku mtawa alipoingia saluni kwa mara ya kwanza, wateja walitazamana kwenye kioo. Alikuwa mama mtu mzima, joho lake la rangi ya matofali, kandambili miguuni, na kichwani vinywele vya mvi vifupi kama vumbi. Mteja mmoja aliyekuwa chini ya draya akauliza kwa sauti ya juu, maana draya humfanya mtu adhani na wenzake hawasikii:

"Huyu naye anataka kusukwa nini?"

"Nataka kunyolewa," mtawa akajibu. "Zamani nilijinyoa mwenyewe. Sasa vidole vimekakamaa, najikata mpaka watu wanadhani nafuga paka mkali."

Msusi alicheka akamvutia kiti. Hakuwahi kunyoa kichwa cha mtawa wa Kibuddha, lakini kichwa ni kichwa. Alitia wembe mpya, akapaka povu, akaanza kutoka kisogoni kuja mbele, taratibu.

Kwenye kona, kati ya sinki na kabati la mafuta, alilala binti wa msusi juu ya godoro dogo. Alikuwa na miaka tisa, hatembei, hasemi neno. Lakini sauti alikuwa nayo. Akifurahi alipiga ukelele mrefu unaopanda na kushuka, akichoka alinguruma, na katikati ya hayo alijisimulia mambo yake kutwa nzima kwa lugha isiyojulikana na mtu. Baba yake, fundi bomba, ndiye aliyembandika jina la Redio. "Hii ukishaiwasha," alikuwa akisema, "swichi yake huioni tena."

Watu waliomwona Redio kwa mara ya kwanza walikuwa na swali moja: ana nini? Waliuliza kwa kunong'ona, wameinamisha shingo. Mtawa alimtazama kupitia kioo, povu likimtiririka sikioni, akauliza:

"Anapenda nini?"

Msusi alisimamisha wembe. "Maji," alisema baada ya kufikiri. "Na watu wakigombana. Hapo hufurahi sana."

"Basi hapa saluni amefika."

Ndivyo walivyojuana. Mtawa akawa anakuja kunyolewa, na msusi, kwa udadisi tu mwanzoni, akaanza kwenda alasiri za Jumapili kwenye chumba alichofundishia, ghorofani juu ya duka la misumari na rangi. Palikuwa na mikeka, sanamu ndogo ya Buddha juu ya meza, kengele ya shaba, na madirisha yaliyotazama karakana ya kuchomelea vyuma. Watu walikaa, wakafumba macho, wakafuata pumzi zao.

"Unakwenda kukaa?" mumewe alimuuliza. "Kwani hapa nyumbani viti vimeisha?"

Lakini msusi alipenda. Alifundishwa kuitazama akili yake kama mtu anavyotazama barabara kutoka dirishani: hasira inapita, wivu unapita, orodha ya vitu vya sokoni inapita. Aliipenda hasa namna mtawa alivyoeleza habari ya kuzaliwa upya. Msisubiri kufa ndipo mfikirie jambo hilo, aliwaambia. Asubuhi umeamka umezaliwa mkali, mtoto kamwaga chai ukampigia kelele. Mchana umezaliwa mwoga mbele ya mkubwa wako kazini. Jioni unaweza kuzaliwa mpole, kama utataka. Msusi alirudi nyumbani na maneno hayo, akayajaribu kwenye vichwa vya wateja. Kuna mteja wake mmoja, mke wa mwenye baa, ambaye kwa kawaida alimtia kichefuchefu kwa majigambo. Siku hiyo alimsuka kutoka utosini mpaka kisogoni bila kumtakia mabaya hata mara moja, akajiona ameshinda vita.

Kisha mama mkwe wake, aliyekuwa akibaki na Redio kila Jumapili, aliteleza akaumia nyonga, akaenda kuuguzwa kwa binti yake. Fundi bomba Jumapili ndiyo siku yake ya kazi nyingi, maana mabomba hupasuka watu wakiwa nyumbani. Msusi hakuona la kufikiria. Alimfunga mtoto mgongoni, mrefu vile, miguu ikining'inia, akapanda naye ngazi.

Siku hiyo mtawa alikuwa amesafiri kutembelea kundi jingine, na angekaa huko wiki kadhaa. Chumba alikiachia mwalimu mkuu mstaafu wa shule moja, ambaye wote walimwita Mzee Kimya. Alikuwa mtu safi, shati lake lina mistari ya pasi mikononi, na akikaa kwenye mkeka hatikisiki. Aligonga kengele. Redio aliposikia mlio ule wa shaba, aliachia ukelele wa furaha uliojaza chumba mpaka kwenye mbao za dari. Wawili watatu walichekea puani. Mzee Kimya hakucheka. Redio aliendelea kuhadithia mpaka mwisho.

Walipofumbua macho, Mzee Kimya hakusubiri watu waondoke.

"Dada yangu," alisema, "tunakuonea huruma sana. Lakini lazima tuseme ukweli tunaofundishwa hapa. Mtoto hazaliwi hivi bure. Kuna matendo aliyoyatenda katika maisha yaliyopita, na sasa anayalipia. Ni mzigo wake. Ukiuelewa hivyo, utapata utulivu, na utaona kwamba hakuna haja ya kuwabebesha na wenzako."

Nje, kwenye karakana, mtu alikuwa akisaga chuma na cheche zilionekana dirishani.

Msusi alisikia damu ikimpanda masikioni. Aliitazama hasira yake kama alivyofundishwa. Iliingia barabarani, ikasimama, haikupita. Akaona basi, na iongee.

"Mzee, hiyo mashine inayosaga pale nje, imetenda dhambi gani?"

"Sikuelewi."

"Inapiga kelele kila Jumapili tukikaa hapa. Hujawahi kushuka kuifukuza. Honi za magari umezivumilia. Ulituambia kelele tuzisikie tu, tusizikasirikie. Leo amelia mtoto, na wewe umeshapanda mpaka maisha yake ya nyuma ukarudi na hukumu mkononi! Ulikwenda lini huko? Ulimwona akifanya nini?"

"Dada, usipandishe sauti."

"Nitaipandisha. Huyu hana maneno, kwa hiyo sauti yangu ni ya watu wawili. Nisikilize. Huyu mtoto hajawahi kusema uongo. Hajamsengenya mtu. Hajawahi kuchukua cha mwenzake. Mimi ndani ya wiki moja nimeyafanya yote matatu, na wewe ukijikagua vizuri hutakosa mawili. Halafu wewe ukae juu ya mkeka, yeye awe mkosaji?"

"Ninachosema ni mafundisho."

"Unachosema ni uvivu. Ukishasema analipia, huna haja ya kumbeba hata ngazi moja."

Alimfunga Redio mgongoni. Mlangoni aligeuka.

"Jumapili ijayo tutakuja. Na inayofuata tutakuja."

Wakaja kweli. Mzee Kimya alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema kwamba kwa manufaa ya wote ingefaa mama akae peke yake na mtoto abaki nyumbani. Msusi alisema shikamoo, akapita ubavuni mwake na mtoto wake, akatandika mkeka mstari wa mbele kabisa. Siku hiyo kengele haikugongwa. Redio akapiga ukelele hata hivyo.

Mtawa aliporudi safari, alikwenda saluni kwanza, nywele zimeshamwota. Msusi alimpaka povu na kuanza kumsimulia. Kadiri hadithi ilivyokwenda ndivyo mkono wake ulivyozidi kukaza, na wembe ukawa unakwaruza.

"Mwanangu," mtawa alisema kwa upole, "weka wembe chini kwanza. Hilo ni fuvu langu, si la Mzee Kimya."

Msusi aliuweka kwenye sinki, akashika kiuno. "Niambie wewe basi. Mwanangu analipia?"

Mtawa aligeuka na kiti, nusu ya kichwa nyeupe kwa povu. "Matendo yana matunda. Hilo nalifundisha na sitalifuta ili nikufurahishe. Lakini anayedhani anaweza kumtazama mtoto wa mwenzake akasoma usoni pake alitenda nini enzi zile, huyo anajidanganya. Buddha mwenyewe alionya watu wasijipasue vichwa kwa kutafuta tunda gani limetoka kwenye tendo gani. Ukimwona mtu kwenye dhiki, kazi yako ni kujiuliza, nifanye nini sasa. Nitamwambia, mbele ya watu, kama alivyokwambia wewe."

"Vizuri."

"Na wewe nina la kukwambia. Tumezaliwa mara nyingi sana, wote hapa. Hakuna kiumbe utakayekutana naye ambaye hajawahi kuwa mama yako."

"Hata Mzee Kimya?"

"Hata yeye."

"Basi alikuwa mama mbaya."

Mtawa alicheka mpaka povu likaruka kwenye kioo. Redio, kusikia kicheko, naye akajiunga.

Jumapili ile mtawa alitimiza ahadi yake. Aliyasema yote mbele ya mikeka iliyojaa, bila kuzunguka, na Mzee Kimya akasikiliza uso umekauka. Wiki iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Watu wakasema amenuna. Msusi naye aliamini hivyo, na moyoni, tuseme kweli, alifurahi. Aliiona hiyo furaha inapita barabarani, akaipungia mkono.

Baadaye ndipo mtawa alipomletea habari. Mzee Kimya hakununa, au hakununa tu. Mkewe alikuwa ameanza kupotewa na akili muda mrefu uliopita, na mzee alikuwa akimficha. Sasa hali ilikuwa mbaya. Mama yule alipiga kelele kutwa, hawatambui watoto wake, hataki kuguswa. Nywele zilikuwa zimejisokota zikawa bonge moja, na chini yake ngozi imeanza kutoa usaha.

"Usinitazame hivyo," msusi alisema.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana nakwambia usinitazame."

Alitafuta mkasi mkali, mafuta, kitana chenye meno mapana, dawa ya kusafishia vidonda. Akamfunga Redio mgongoni, akaenda.

Mzee Kimya alifungua mlango, akabaki ameushikilia. Shati halikuwa na mstari hata mmoja wa pasi.

"Umekuja kunicheka," alisema.

"Nimekuja kunyoa. Kukucheka ningekucheka nikiwa kwangu, nimekaa. Mama yuko wapi?"

Alikuwa sebuleni, kwenye kiti karibu na dirisha, anapiga kelele moja ileile, fupi fupi, kama mtu anayeita kuku. Msusi alimlaza Redio kwenye zulia. Redio alisikiliza kidogo. Kisha akajibu, kwa ukelele wake mrefu. Mama alinyamaza, akageuka kutafuta sauti ilikotoka. Akaita tena. Redio akajibu tena. Waliendelea hivyo, wawili hao, kwa namna ambayo jirani yeyote angedhani mle ndani watu wanauana, na msusi akapata nafasi ya kupaka mafuta na kuingiza mkasi.

Ilikuwa kazi ya taratibu. Bonge lilitoka vipande vipande. Alipofika palipo na kidonda, mama alishtuka, akamshika msusi mkono kwa nguvu.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo ya kitoto, "unaniumiza."

Msusi aliushusha mkasi. "Pole, mwanangu. Tumekaribia kumaliza."

Mama akamwachia, akainamisha kichwa.

Mzee Kimya alikuwa amesimama ukutani, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. "Kutwa nakaa nawaza," alisema. "Mwanamke huyu alikuwa mwema. Watoto wa shule nzima walimpenda. Alifanya nini? Huko nyuma kabisa, kabla sijamjua, alifanya nini mpaka..."

"Usithubutu."

Mzee alinyanyua macho.

"Usithubutu, mzee," msusi alirudia, mkasi ukiwa hewani. "Kwa mwanangu nilikukatalia, na kwa huyu nakukatalia. Hajakosa kitu. Ni mgonjwa, ana kidonda, kinauma. Leta maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Kama huna la kufanya, mshike Redio asigonge kichwa kwenye meza."

Alikwenda kuleta maji. Alipoyaweka, alipiga magoti kwenye zulia, akasita, kisha akampakata mtoto, vibaya kwanza, shingo imepinda, mpaka msusi akamwelekeza. Redio alimshika sikio akalivuta. Mzee akaacha livutwe.

"Nilikukosea," alisema. "Nilimkosea na huyu."

"Ulitukosea," msusi alikubali, akachovya kitambaa majini.

Jumapili moja baada ya mvua kubwa, Mzee Kimya alipanda ngazi na mkewe, akimshika kiuno, ngazi kwa ngazi. Mama alikuwa amefungwa kitambaa cha maua kichwani. Mtawa aligonga kengele, na zile sauti mbili zikapokezana mpaka mwisho. Wapo waliohama. Walisema chumba kimegeuka wodi, wakatafuta mahali pengine penye utulivu. Waliobaki walisogeza mikeka ili kiti cha mama kipate nafasi. Hata fundi bomba alianza kuja siku zisizo na kazi, akisema anakuja kumbebea mkewe mzigo ngazini tu, ingawa alionekana amefumba macho, na mara mbili alikoroma.

Mama mkwe aliposikia habari hizo alikasirika. Alimuuliza msusi anawezaje kumhudumia mtu aliyemtukana mjukuu wake. Je, amemsamehe?

"Sijafika huko," msusi alisema, akipanga vitana vyake kwenye mfuko kwa ajili ya safari ya kesho yake kwa Mzee Kimya. "Siku nyingine nikimwona bado nataka kumrushia kiatu. Lakini nywele za mkewe zinaota, mama. Hazinisubiri mimi nifike."