Wa Mwisho Yupo

Siku Ferdo alipopotea, ukungu ulishuka mlimani mapema, na Zalka mkewe alikuwa jikoni kwa jirani akiwachemshia watembeaji viazi. Waliingia kijijini mmoja mmoja, wamevaa makoti mazito ya kijivu kama ya babu zao vitani, buti zao za misumari zikigonga mawe. Aliwatazama kupitia dirisha. Mumewe hutembea wa mwisho, kwa hiyo sahani yake aliipakua mwisho. Jibini laini ikakauka juu ya viazi, na hakuna aliyekuja kuvila.

Kila mwaka chama chao cha kuigiza askari wa zamani hupanda njia ya kijeshi juu ya mto Soča, kuchangisha fedha za gari la wagonjwa la bondeni. Hutembea kama askari wenyewe walivyotembea: safu ya mtu mmoja mmoja, bila simu, na bila kugeuka nyuma, maana njia ni nyembamba na anayegeuka huteleza. Anayeongoza akitaka kujua kama safu haijakatika, huuliza, "Wa mwisho yupo?" Swali hupita mdomo kwa mdomo hadi mkiani, na jibu hurudi mbele vivyo hivyo: "Yupo." Basi huendelea.

Siku ile, wakiwa njiani kushuka, waliuliza walipokuwa wamekwisha kuipita kona ya mapango, yale yaliyochimbwa na askari, na jibu likarudi. Ndiyo maana Ferdo alitafutwa chini ya kona, msituni na mtoni, wiki baada ya wiki. Hakuonekana.

Aliyekuwa mbele yake ni Venčeslav, fundi bomba, rafiki yake tangu shule.

"Nilimsikia, shemeji," aliapa. "Nilimwuliza, akajibu."

"Ulijijibu mwenyewe kwa mazoea," Zalka akamwambia mlangoni mwa kanisa, watu wakisikia. Tangu hapo hawakusalimiana.

Mwaka uliofuata Zalka alifika kwenye mkusanyiko amevaa koti la akiba la Ferdo, mikono yake mirefu ameikunja.

"Mama, wanawake wanakaa na sufuria," alisema Bogomir, sajini wao, ambaye siku nyingine zote huuza magodoro.

"Na wenye vitambi wanakaa wapi, Sajini? Nasikia vita ile watu walikufa njaa."

Watu wakaangua kicheko. Bogomir naye akajipapasa tumbo. "Haya, umenipata. Unataka kutembea wapi?"

"Nyuma ya Venčeslav. Na nyuma yangu asikae mtu."

Kicheko kikakatika.

Alitaka jambo moja tu. Pale chini ya kona swali lingemfikia, angeliuliza hewa tupu, hewa ingenyamaza, na yeye angejua kwa masikio yake kwamba Venčeslav alisema uongo.

Walipanda. Wakati wa kushuka ukungu ukawakuta tena, mzito, ukameza mbele na nyuma, hata Zalka akabaki na mgongo wa Venčeslav peke yake. Misumari ya buti ilisikika juu ya mawe. Kuna mahali alisimama kufunga kamba, na misumari ikaendelea kidogo nyuma yake, kisha nayo ikasimama. Hakugeuka. Wakaipita midomo ya mapango, ikiwapumulia baridi begani.

"Wa mwisho yupo?" Venčeslav aliuliza bila kugeuka.

Zalka akaliuliza nyuma, kama ilivyo desturi. "Wa mwisho yupo?"

"Yupo."

Sauti ya mwanamume, ya karibu, isiyo na haraka, kama ya mtu mwenye peremende shavuni. Ferdo alimung'unya peremende za asali kila alipopanda mlima.

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Zalka, na mguu wake tayari umenyanyuka. Akaelewa jinsi ilivyokuwa kwa Venčeslav mwaka uliopita. Akauma midomo.

"Shemeji? Jibu?"

Hakujibu. Safu ikasimama. Akageuka: njia tupu, na ukungu.

"Umesikia," alisema Venčeslav.

"Nimesikia. Nisamehe."

Bogomir akarudi nyuma akihema. "Mwangwi huo, jamani. Pango linarudisha neno la mwisho." Akapaza sauti: "Wa mwisho yupo?" Pango likanyamaza. Venčeslav akajaribu. Likanyamaza.

Wakawasha taa, wakaingia. Ndani kabisa, penye mbao zilizooza, palikuwa na shimo. Venčeslav akalala kifudifudi, akamulika, akakawia kuinuka.

"Kuna askari humu," alisema. "Wa zamani." Koti lilikuwa lilelile, la kijivu. Kisha taa ikaangukia kikaratasi kinachong'aa, cha peremende.

"Shemeji," akasema, "usije."

Zalka akaenda, akapiga magoti kando yake.

Pengine aliingia kujisaidia, pengine kujikinga na baridi, hakuna ajuaye. Kwamba alikuwa shimoni tayari jibu la mwaka ule lilipotoka, hilo wanalijua, na hawalizungumzi.

Ferdo amezikwa kijijini, upande unaopata jua. Chama bado hupanda kila mwaka. Zalka hutembea wa mwisho, nyuma ya Venčeslav, na swali likimfikia hujibu mwenyewe. Haulizi nyuma.