Bibi wa Tundu la Ufunguo

Nina miaka ishirini na tatu kwenye kazi ya vitasa, na sijawahi kuona moto ukipita kwenye tundu la ufunguo bila kuacha masizi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililotaka kumwambia mwandishi wa kile kitabu. La pili, vile vitasa vyake vya shaba, vya nyumba kubwa ya shamba la miwa, havifunguki kwa pini ya nywele hata ukae navyo kutwa nzima. Ila kitabu hakikuwa changu. Kilikuwa cha binti yangu, na binti yangu alikuwa hasemi nami.

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Mwezi uliopita alianza kurudi kutoka shuleni macho mekundu, na akiulizwa anasema hana kitu. Mama yake akanishauri nisubiri, atasema mwenyewe. Mimi na kusubiri hatuelewani. Siku moja wote wametoka, nikaingia chumbani kwake nikafungua droo ya meza kwa waya, kazi ya nusu dakika. Nikakuta daftari, nikasoma kurasa mbili. Ilikuwa hadithi anayoitunga mwenyewe, ya msichana aliyekimbiwa na rafiki yake. Basi, hakuna zaidi. Nikalirudisha daftari lilivyokuwa, nikaifunga droo, na hapo mkono wangu ukaniponza. Kile kitasa kilikuwa kikavu, kinakwaruza, na mimi kitasa kinachokwaruza sikipiti hivi hivi. Nikakitia mafuta.

Jioni alipofungua droo, ufunguo ulizunguka bila hata kulia. Akatoka hadi sebuleni, akanitazama vidole, akarudi chumbani. Tangu siku hiyo ikawa shikamoo asubuhi, usiku mwema baada ya chakula, katikati kimya. Na Jumamosi ilikuwa inakuja, siku yake ya kwenda kuanza shule ya bweni. Niliogopa asije akaondoka na kimya hicho, kikakomaa hukohuko.

Kitabu nilikiona kwenye meza ya sebule. Jalada lina mwanamke, nusu mtu, nusu moto. Siku mbili nikawa nakizunguka kama paka anayezunguka sufuria. Safari hii sikukigusa. Nilimtuma mke wangu aniombee ruhusa. Jibu likarudi kwamba nisome tu, maadamu leo nimejua kuomba. Mke wangu alilifikisha neno kwa neno, na alilifurahia.

Nikakisomea kibandani, kati ya mteja na mteja. Ni hadithi ya vijana, kisiwa chenyewe cha kubuni, ila mwandishi anasema amekijenga kwa masimulizi ya bibi zake wa visiwa vya Karibi. Kuna msichana anayelelewa na bibi yake. Huyo bibi giza likiingia anavua ngozi yake, anaikunja vizuri kama gauni la kutokea, anageuka moto, anaingia majumbani mwa watu kwa tundu la ufunguo. Dawa yake moja tu. Unamwaga mchele kizingitini, naye hawezi kuvuka mpaka auhesabu wote, punje kwa punje.

Nilikishangaa kitabu hicho. Nani alimwekea sharti hilo la kuhesabu? Kwa nini moto unaoweza kuunguza mlango mzima uhangaike na tundu? Na ngozi ikiachwa kwenye kiti, haikauki? Mteja mmoja alisimama na ufunguo wake uliokatika mpaka akakohoa mara tatu.

Wakati wa chakula nikamuuliza mke wangu, kwa sauti ya kusikika na wengine, kama yule bibi akipotea katikati ya hesabu anaendelea au vipi. Mke wangu akasema yeye hajui habari za majini. Binti yangu akaiambia sahani yake, "Anaanza upya."

Maneno mawili. Nilishiba hapo hapo.

Kwa kweli nilikuwa upande wa bibi. Kurasa mia na hamsini nilimtetea, kwa sababu hakuwa akimdhuru mtu, alikuwa na wasiwasi tu. Halafu nikafika pale anapoingia chumbani kwa mjukuu wake mwenyewe. Msichana anaamka, anakuta mbao za mlango zimeungua, bibi amesimama juu yake anawaka. Bibi anajitetea kwamba alikuja kuangalia kama anapumua. Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, kwa mwandiko ninaoujua tangu ulipokuwa mistari iliyopinda, binti yangu alikuwa ameandika: Si angebisha tu?

Nilifunga kibanda saa nane mchana. Niliona aibu, aibu ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nikaingia jikoni nikachota mchele konzi moja. Mke wangu akauliza wa nini. Nikamwambia nataka kuuhesabu. Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye vitunguu vyake. Nikaumwaga kizingitini kwa binti yangu, nikakaa chini, magoti yakalalamika, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Ndani nilisikia sanduku likipangwa. Baadaye sikusikia kitu. Nilipofika mia na arobaini nikasahau kama punje iliyovunjika ni moja au nusu, hesabu yote ikapotea.

Mlango ukafunguliwa. Akasimama pale na sweta ya shule mkononi.

"Umefika ngapi?"

"Themanini na sita. Nilishafika mia na arobaini, nikapotea."

"Ukaanza upya?"

"Nikaanza upya. Mwanangu, niliogopa, nikaingia bila kubisha. Nilikukosea. Nisamehe."

Aliutazama ule mchele kwa muda. Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia.

"Hesabu wote, baba," akasema. "Ukimaliza, ubishe."

Akaurudisha mlango. Nikatega sikio, kwa mazoea ya kazi, nisikie ufunguo ukizunguka. Haukuzunguka. Nikaokota punje ya themanini na saba.