Kasuku Aliyebaki

...na Agnetha jirani yangu kasimama mlangoni anasema Mama Jovin, nipe tu huyo dume nikamweke na jike langu, kasuku hawa wadogo hawakai peke yao, ukimwacha hapo hamalizi wiki, na kidole changu kiko kwenye kitasa cha tundu, jike wake nimemzika leo asubuhi migombani, mwepesi jamani, kama sikushika kitu... kipande cha parachichi tu nilichowapa jana, la mti wetu, mgeni gani Karagwe hii hapewi parachichi, dume akalikataa, jike akala, akajikunyata chini ya tundu, jioni amekufa, ndipo Agnetha ananiambia hukujua, parachichi ni sumu kwa ndege, sikujua, kwa huyo sikujua, lakini kwa Kashaija mume wangu nilijua, nesi wodini alinieleza taratibu, mama, figo zimechoka, asile ndizi, asile parachichi, na mtu mwenyewe kazaliwa migombani, mwezi wa pili hajaonja ndizi, ananivuta kanga, Mackrine, kidogo tu, hata mchuzi wake, nikasema hapana, ukipona nitakupikia sufuria nzima, akageukia ukutani, akafa na hamu yake, na msibani sikutoa chozi, ningelia kwa uso gani, tangu hapo sijamnyima mtu kitu, mtu akiomba chumvi namfungia na sukari, hata hawa ndege wa Kashaija, aliowaleta kutoka Nkwenda kwenye boksi la sabuni akicheka kama mtoto, wakinisogelea tu nawapa...

unanisikia, Mama Jovin? nakusikia, Agnetha, dume kaja kwenye kidole changu, anakidonoa polepole, anaomba, kumbe kile kipande nilikuwa nampa Kashaija, mwaka mzima nimechelewa, nampa kwa mdomo wa ndege, nacho kimeua, basi na yeye kingemuua mikononi mwangu, nilimnyima kwa kuwa nilitaka arudi nyumbani, hilo tu, sikuwa mkatili... unanipa au hunipi? jana ningempa na tundu lake, leo neno liko mdomoni, lile lile nililomwambia Kashaija, hapana, Agnetha, lete jike lako akae hapa, nitasema, kidole bado kiko kwenye kitasa, ndege bado anadonoa, nitasema sasa hivi, ngoja kwanza nimlilie mume wangu.