Shubiri Moja ya Ukuta

Sau-lin alichemsha maji ya uji, akakung'uta soksi za shule za binti yake, akageuka kumwamsha, akakuta kitanda hakipo. Kilikuwa nje kwenye korido, mbele ya lifti, na Pui-yan amelala juu yake kama alivyolazwa, shuka limemfika kidevuni, miguu imetangulia. Majirani waliokuwa wakienda kazini walipita ubavuni. Mmoja wao alikuwa ameweka mguu juu ya fremu, anafunga kamba za kiatu.

"Mama Pui-yan, njoo umchukue mtoto, watu wanashindwa kupita," alisema Bibi Kam wa chumba cha pili. "Si nilikwambia? Umemlaza miguu mlangoni. Anayelazwa hivyo ni mtu anayengoja kubebwa. Basi nyumba imembeba."

"Ningemlaza vipi, Bibi? Nimning'inize?"

"Mimi nimesema miguu tu. Mengine sijayasema."

Palikuwa na namna moja tu ya kuweka kitanda mle ndani. Fleti ile ya mtaa wa Hung Hom zamani ilikaliwa na familia moja, na wenye kumbukumbu wanajua hadi leo meza ya kulia ilipokuwa. Bwana Szeto aliinunua, akaikata kwa mbao vipande saba, akapangisha sita. Cha saba, chenye dirisha, kilikuwa cha mwanawe aliyekwenda kusoma Kanada. Kilitiwa kufuli. Ndani yake kitanda kilikaa palepale, kichwa kwenye ukuta imara, meza kwenye pembe ya masomo, na tangi la samaki upande wa bahati. Kila Jumapili mtu alikuja kuwalisha samaki. Ukiuliza ni nani kati ya wakazi wa fleti ile aliyekuwa na nafasi ya kugeuka, jibu ni samaki.

Siku iliyofuata kitanda kilikutwa ghorofa ya chini, karibu na mlinzi, ambaye alilalamika kwamba mizigo haikai pale. Siku iliyofuata tena kilikuwa barabarani, mbele ya duka la vitu vya karatasi vya kuwachomea wafu. Mwenye duka alimpa Pui-yan mkate wa nanasi, akamwacha aangalie nyumba ya karatasi iliyokuwa dirishani. Ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala na dereva.

"Hii ya nani?" Pui-yan aliuliza.

"Ya mzee mmoja aliyefia kwenye kitanda cha kizimba, kile cha kupanga kilichozungushiwa waya, kule nyuma ya soko. Watoto wake wamemnunulia."

Mwisho wa mtaa ule ipo nyumba ya mazishi. Ijumaa kitanda kilifika kwenye ngazi zake. Karani alitoka na kikombe chake cha chai, akamtazama mtoto, akamwambia Sau-lin aliyefika akihema, "Huyu bado anapumua, mama. Hatumpokei leo." Lile neno leo ndilo lililomfanya Sau-lin aombe ruhusa kwenye mgahawa alikoosha vyombo, akamwite Sifu Mak.

Kule fundi wa upepo na maji, anayejua kila kitu kikae wapi nyumbani ili kilete heri, huitwa sifu, na Mak sifa alizipenda. Alikuja na dira yake kubwa kama sinia, akasimama mlangoni, kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kusimama.

"Kichwa kiko chini ya boriti. Choo kinatazama mto wa kulalia. Miguu iko mlangoni. Nani alimpangia mtoto chumba hivi?"

"Aliyekata mbao," alisema Sau-lin.

Sifu Mak alijifanya hakusikia. Alipima. Kitanda kikilazwa kwa upana wa chumba, kichwa kwenye ukuta wa mashariki, kila kitu kingekaa sawa; ila kitanda kilizidi chumba kwa shubiri moja. Nyuma ya ukuta ule palikuwa chumba cha samaki.

Bwana Szeto aliitwa. Alikuja na funguo zake, mpole kama kawaida yake.

"Dada, kwa moyo wangu ningekupa hata mbili. Lakini ukuta ule haugusiki. Ukisogea, kijana wangu atafeli kule aliko. Si maneno yangu, ni maneno ya Sifu mwenyewe. Eti Sifu?"

"Nilisema hivyo," Sifu Mak alikiri, huku anaifuta dira kwa mkono wa shati.

"Basi unaona."

"Na mwanangu?" aliuliza Sau-lin. "Mwanangu kila asubuhi anapelekwa kwa wazika watu!"

"Mtoto mwenyewe mrefu mno," alisema Bwana Szeto. "Mnamlisha nini?"

Pui-yan alikuwa amekaa juu ya ndoo, anafanya hesabu za shule magotini. Aliinua kichwa. "Shubiri ya nani, Sifu? Yako au yangu?"

"Yangu," alisema Sifu.

Asubuhi ya pili mikono ya sweta ya Pui-yan ilimfunika vidole. Alikuwa amepungua urefu kwa shubiri ya mtu mzima, sawasawa, bila homa wala maumivu. Seremala alikata kitanda, wakakilaza kwa upana, kichwa mashariki. Tangu hapo hakikutoka tena. Shuleni mwalimu alimhamishia dawati la mbele. Bibi Kam alisema rangi ya uso imemrudia. Bwana Szeto alileta machungwa mawili yenye majani, akamwambia Sau-lin, "Si umeona? Mambo yanakwenda bila kugombana." Sifu Mak alipata wateja wengine watatu katika jengo lile lile, wote wenye watoto.

Majira ya joto kijana wa Kanada alileta habari kwamba anarudi na mke, na mke ana nguo nyingi. Mafundi walikuja mchana, wakautoa ukuta wa mashariki, wakaurudisha shubiri moja upande wa Sau-lin, ili kabati lienee.

"Si mlisema haugusiki?" Sau-lin aliuliza.

"Kuja huku si kugusa," alisema Bwana Szeto. "Sifu ameeleza vizuri sana. Kuja huku ukuta unapumua."

Mafundi walipoondoka, Sau-lin alifagia vumbi la mbao, akasimamisha kitanda wima kwa kuwa hakikuingia tena. Kisha akatoa sketi ya shule na mkasi, aifupishe shubiri nyingine. Pui-yan alimshika mkono.

"Usikate, mama. Kunja tu. Huenda siku moja tukahama."

Sau-lin aliweka mkasi chini, akatafuta sindano, akakunja.